Jina Chini ya Picha

Mikumi, 2 Machi 1997

Picha ya kaka yangu imetoka ukurasa wa kwanza wa gazeti la Tarumbeta, na jina lake halipo! Ndiyo maana nimeanza kuandika. Kama sina wa kumfokea, nitaifokea karatasi.

Basi la Mbeya lilisimama mbele ya sheli mchana, kondakta akatupa furushi la magazeti. Mimi nilikuwa chumba cha giza nasafisha picha za kipaimara. Nikasikia Evance, mwenye studio, anaita: "Sesilia! Toka uone kazi ya kaka yako!" Nikatoka mbio, mikono inanuka dawa. Jamani! Picha imejaa nusu ukurasa. Wakimbizi wa Zaire wanashuka kwenye boti Kigoma, mama mmoja kabeba cherehani kichwani, maji yamemfika kiunoni, na anakutazama wewe unayesoma, siyo mtu mwingine. Nikapiga vigelegele pale pale barabarani mpaka dereva wa lori akapunguza mwendo kuangalia kuna nini. Halafu nikaona maandishi madogo chini: "Picha na Mpigapicha Wetu."

Mpigapicha wenu ndiyo nani? Ana mama yake huyo, ana jina la ubatizo! Anaitwa Laurent Ngolo, kazaliwa Kilosa kwenye nyumba za reli, kajifunza kazi hapa hapa Mikumi, na mimi mdogo wake kanifundisha yeye. Mikanda yake yote nasafisha mimi. Evance anasema magazeti ndivyo yalivyo, nisijipandishe presha. Nimempandishia yeye.

3 Machi

Mvua. Mteja mmoja tu, picha nne za pasipoti, zote kafumba macho.

8 Machi

Laurent kaja! Kashuka kwenye basi la Dar na begi lake na lile koti la mifuko mingi, kamera inaning'inia kifuani, hata hajakaa anaongea. Miaka ishirini na sita lakini ukimwona unaweza kudhani anakwenda kucheza mpira. Anarudi Kigoma, na safari hii atavuka ziwa aingie Zaire kwenyewe kunakopigwa vita. Anakwenda na mwandishi mwenzake, Tomasi.

Nikamuuliza habari ya jina. Akacheka. "Sesi, nimeshapatana na mhariri. Bwana Lupakisyo kaniambia, ukileta picha ya vita yenyewe, siyo ya watu wanaoikimbia, jina lako nalitia ukurasa wa kwanza. Jina kamili."

"Kakuandikia?"

"Kanipa mkono."

Tangu serikali iruhusu watu binafsi kuwa na magazeti, kila anayeweza kulipia mtambo ana gazeti lake, na wote wanagombania msomaji mmoja. Najua kwa nini Lupakisyo anataka picha hiyo. Najua pia kwa nini Laurent anaitaka. Nami naitaka, nisijifanye mtakatifu. Nataka Mama aonyeshwe jina hilo kwa kidole, palepale mbele, chini ya picha, na watu wa Kilosa wote waone.

10 Machi, Kilosa

Basi la kutoka Mikumi limekwama Zombo kwenye tope, abiria wote chini, kusukuma. Wanaume wanasukuma, wanawake tunasukuma, Laurent yuko mbele anapiga picha! Bwana mmoja akamwambia, "Kijana, weka hicho kidude uje utumie nguvu." Akajibu, "Mzee wangu, shikamoo, nyie sukumeni, mimi nawatunzia kumbukumbu." Wakacheka, na basi likatoka. Hivyo ndivyo alivyo. Anaponyoka kwenye kila kitu.

11 Machi, Kilosa

Tumemsindikiza stesheni. Treni ya usiku imeingia asubuhi, kama ilivyo kawaida ya masika. Na nani alikuwa wa kwanza kutupokea pale? Bi Joha, bila shaka, na beseni lake la vitumbua.

Huyu Bi Joha ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, Mzaramo wa Kisarawe, na sisi ni Wasukuma. Babu yetu alitoka Shinyanga kuja kukata mkonge Kimamba, Baba akaajiriwa reli, ndiyo tukawa wa hapa. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu zamani. Mtani atakutukana apendavyo, atachukua chako mchana kweupe, atakutania hata msibani maiti ikiwa ndani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ndiyo desturi yenyewe. Baba anaipenda sana. Mimi huwa inanishinda.

"Shikamoo, Bi Joha," Laurent akamwamkia.

"Marahaba, mla michembe ya viazi. Na hicho kidude shingoni ndicho kinachokupeleka kufa?"

"Ndicho. Nikifa utanililia?"

"Nikulilie wewe! Nitakula pilau lako, nitacheza mdundiko mpaka khanga inidondoke. Ila ufie karibu na reli, usitusumbue na usafiri."

Baba alicheka hadi akashika mbavu. Laurent alicheka. Hata Mama alitabasamu. Mimi sikucheka, nikamwambia Mama kwamba mwanamke yule ana mdomo mchafu. Mama akasema, "Mwache. Huo ndio upendo wao." Upendo gani huo!

19 Machi, Mikumi

Redio inasema waasi wameshauchukua mji wa Kisangani. Madereva wa malori ya Zambia wanabishana sheli nzima kama wao ndio majenerali. Nami nimebishana nao.

24 Machi

Laurent kapiga simu! Simu iko sheli, mwenye sheli akanipigia mluzi ng'ambo ya barabara, nikavuka bila kuangalia, karibu nigongwe na lori la mafuta. Sauti inakuja na kupotea. Kavuka ziwa! Kafika Kalemie! Anasema waasi ni vijana wadogo, wamevaa ndala na mabuti ya mvua, wanaimba wakitembea. Anasema mwanga wa jioni kule ni mzuri ajabu. Nikamwambia, "Kaka, mwanga uko hata Mikumi." Akasema, "Bado kidogo, Sesi. Bado kidogo tu."

25 Machi

Mvua.

26 Machi

Mvua, na nyani wameiba sabuni yangu kambani.

5 Aprili

Kanitumia mikanda miwili, imefika Dar kwa treni, kisha hapa kwa kondakta wa basi. Nimeisafisha mwenyewe na nusura nikanyage ndoo ya dawa kwa furaha. Wanajeshi wanacheza karata juu ya sanduku la risasi. Mpishi wa kambi anaonja mboga, bunduki mgongoni. Daraja limekatika na watu wanavuka kwa kamba, mmoja mmoja. Kila picha nilimwita Evance, mwisho akaleta kiti akakaa mlangoni.

Nimezipeleka Dar kwa basi la asubuhi. Sasa ndiyo sasa!

9 Aprili

Daraja limetoka ukurasa wa kwanza. "Picha na Mpigapicha Wetu."

Nimevuka barabara nikampigia simu huyo Bwana Lupakisyo mwenyewe. Ana sauti ya upole, ndilo linaloniudhi zaidi. "Dada, daraja siyo vita. Nilimwambia Laurent, nataka vita vyenyewe. Na nitatimiza." Nikamwambia aje yeye avuke kwa hiyo kamba aone kama siyo vita. Akacheka, akaniambia mimi na kaka yangu tumefanana.

20 Aprili, Kilosa

Nimekuja kumwona Mama. Mahindi shambani yanapendeza, mwaka huu tutavuna. Mama haulizi vita vimefika wapi, anauliza Laurent anakula nini.

Nimegundua jambo. Kila siku treni ya kutoka Kigoma ikiingia, Bi Joha anawauliza wafanyakazi wa treni habari za ng'ambo. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Hamjamwona yule Msukuma wangu mwenye kamera?" Aliponiona akabadilisha sauti: "Namdai hela ya vitumbua, ndiyo maana." Muongo mkubwa! Laurent hajawahi kukopa kitumbua, Bi Joha humpa bure akimtukana. Nimecheka njia nzima. Kumbe namwonea yule mama.

29 Aprili, Mikumi

Simu tena. Anapiga kelele kwa furaha. Kesho yeye na Tomasi wanapanda lori moja na waasi kuelekea porini, ambako wanajeshi wa serikali waliobaki wamejificha. "Hii ndiyo yenyewe, Sesi! Nikitoka huko narudi nyumbani, tunavuna wote." Nikamwambia sitaki tena hilo jina, arudi. Akasema, "Unadanganya." Ni kweli nilidanganya. Nalitaka bado, silali.

3 Mei

Kimya.

5 Mei

Kimya. Nimemfokea bibi harusi aliyegoma kutabasamu.

7 Mei

Mvua kutwa. Mluzi wa sheli umelia mara tatu, mara zote siyo mimi.

11 Mei, Mikumi

Tomasi kapiga simu kutoka Kigoma. Laurent kafa.

Nitaandika yote alivyoniambia, maana nikiyaacha kichwani yatanipasua. Lori lilishambuliwa njiani. Waasi wakaruka chini, Tomasi akaruka, akalala mtaroni. Laurent hakulala. Alipiga goti moja nyuma ya tairi, akawa anapiga picha wanajeshi wanavyotoka kwenye matete, mmoja katupa bunduki kainua mikono, mwenzake nyuma yake bado anafyatua. Tomasi anasema aliona wazi kabisa alichokuwa anakiona Laurent. "Sesilia, hiyo picha ipo. Aliipiga. Nilimsikia anasema, 'Nimeipata.'" Halafu risasi ikamwingia ubavuni. Wakamtoa, wakamfikisha ziwani, wakampakia kwenye boti. Alikuwa anaongea mpaka katikati ya maji. Boti ilipogusa Kigoma alikuwa ameshakwenda.

Nilimwuliza aliongea nini. Tomasi akasema aliuliza kama kamera imelowa.

Haijalowa. Mkanda umo ndani. Tomasi hakuthubutu kuugusa, anauleta kama ulivyo, pamoja na mwili, kwa treni, kwa sababu Laurent alishamwambia mikanda yake anaisafisha dada yake.

Evance kafunga studio. Nimekaa chumba cha giza nimelia kwa sauti, nimepiga ukuta, nimemtukana Laurent matusi yote ninayoyajua, kisha nikamwomba radhi. Kesho naondoka na lori la mahindi kwenda Kilosa. Mama anaambiwa na nani? Nasikia Baba kashaambiwa na stesheni masta. Kaka yangu!

14 Mei, Kilosa

Treni imemleta. Watu wote wa nyumba za reli walikuwa stesheni, waliofanya kazi na Baba walivaa kofia zao za zamani. Jeneza lilishushwa behewa la mizigo. Mama alilishika akaita jina lake mara moja tu, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula.

Tomasi ana bandeji mkononi na hawezi kunitazama. Alinipa kamera. Nilitaka kuutoa mkanda hapo hapo nikauweke salama, lakini Mama akaichukua, akaiweka juu ya jeneza. Akasema, "Isiguswe mpaka kaka yako azikwe. Alale nayo usiku mmoja." Nani angembishia?

Lupakisyo katuma salamu za rambirambi na ujumbe kwa Tomasi. Picha ya mwisho anaingojea. Ukurasa wa kwanza wote, na jina. Sikujisikia vibaya kufurahi. Laurent angefurahi.

15 Mei, Kilosa

Tumemzika Laurent.

Baada ya wiki nzima ya mvua, leo jua limetoka kali, kila kitu kinang'aa. Misa ilisomwa uwanjani, chini ya turubai. Ilipofika wakati wa kunyanyua jeneza, Wazaramo wakaziba njia. Bi Joha mbele, nyuma yake wanawake wanane wenye masufuria na miko. "Haendi mtu! Huyu Msukuma hatumruhusu mpaka mtupe chetu!" Baba, machozi yanamtoka, akaanza kupatana nao kama inavyotakiwa. Wakataka ng'ombe, Baba akasema hana, wakataka mbuzi, akawapa jogoo. Wakakubali kwa matusi.

Halafu Bi Joha akaitwaa kamera juu ya jeneza, akaivaa shingoni, akaanza kuwa Laurent.

Mungu wangu, alimpatia! Ule mwendo wa kuruka ruka, ule uso wa kukunja jicho moja. Akapiga goti, akarudi kinyumenyume akamkanyaga padri, akalala kifudifudi kwenye tope na khanga yake safi. "We mama, usilie, unaniharibia picha! Mzee Ngolo, inua kidevu! Padri, ficha tumbo! Marehemu, sogea kushoto kidogo, unameza mwanga!" Watu walianza kucheka chini chini, kisha wakaangua kicheko. Na Mama, ambaye tangu juzi hajameza hata uji, Mama alicheka. Alitupa kichwa nyuma akacheka, machozi yanashuka, akapiga makofi. Mimi nilicheka. Laurent alikuwa amesimama pale mbele yetu mzima kabisa, nilimpenda Bi Joha kuliko mtu yeyote duniani.

Akasema, "Jamani, mnazika sanduku tupu. Mwenyewe kajificha humu. Ngojeni nimtoe." Akavuta kitufe cha juu cha kurudishia mkanda, na mlango wa nyuma wa kamera ukafunguka. Mbele ya jua lote lile.

Sijui nilifikaje. Nilipita juu ya mabenchi, juu ya watu. Nikaipokonya kamera nikaifunga, lakini alikuwa ameshaigeuza huku na huku, anaingiza jicho humo, anaita, "Laurent! Toka!" Watu walikuwa bado wanacheka, wakidhani na mimi ni sehemu ya mchezo. Nikapiga kelele, "Umeuunguza! Mkanda ulikuwa humo! Umemuua mara ya pili!"

Kicheko kikakatika. Bi Joha alinitazama, tope usoni, mikono bado imeinuliwa kama ameshika kitu. Hakujua. Angejua vipi? Kwake kamera ni kidude cha kubonyeza.

Baba akaja akanishika bega kwa nguvu. "Sesilia. Ni mtani. Hakasirikiwi." Nikamjibu mbele za watu kwamba nimekasirika na nitaendelea kukasirika. Baba hajawahi kunitazama vile. Wakanyanyua jeneza. Tumezika bila utani, Wazaramo wakiwa wamesimama mbali na masufuria yao kimya, na hilo, wazee wanasema, ni msiba mbaya kuliko msiba.

16 Mei, Kilosa

Bi Joha alipita uani. Akasema, "Habari za asubuhi, Sesilia." Hivyo tu. Taratibu, kama mtu wa benki. Hajawahi kuniita jina langu tangu nizaliwe. Nikaitikia nzuri. Afadhali angenitukana.

18 Mei, Mikumi

Malori yanapiga honi tangu asubuhi, Kinshasa imeanguka! Watu wanacheza sheli, mtu kanimwagia soda. Nami nimeingia chumba cha giza na mkanda wa mwisho wa kaka yangu.

Mkanda ndani ya kamera hujiviringisha, picha za mwanzo zinakaa ndani kabisa na za mwisho zinakaa juu. Mwanga ukiingia, za juu ndizo zinaungua kwanza. Nilijua hivyo tangu msibani. Bado niliomba. Nilitingisha kopo la dawa nikiomba watakatifu wote, hata wale ambao sijui kazi yao.

Nilipoutoa, mweusi. Mweusi tii, kipande baada ya kipande. Matete, mtu aliyeinua mikono, mwenzake anayefyatua, vyote vimekwenda. Nikauvuta kwa kuunyoosha kuelekea mwanzo, na weusi ukaanza kufifia, ukawa kama moshi pembeni, halafu nikaona mtu! Zimepona picha sita. Tano ni za lori na watu wanapanda. Ya sita ndiyo hii niliyoitundika mbele yangu.

Ni mwanajeshi kijana, kumi na saba labda. Kakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, bunduki kaiegemeza kwenye mafiga jikoni kwa watu. Mguu wake uko mapajani mwa bibi kizee, na bibi anamtoa funza kwa pini. Kijana kakunja uso wote, kang'ata kola ya shati lake la jeshi, jicho moja linachungulia kama bado. Bibi anamkaripia, unaona kabisa mdomo unavyomkaripia. Pembeni kuna ukungu wa mwanga ulioingia msibani.

Nilicheka peke yangu gizani, nikalia, nikacheka. Evance alipogonga mlango nikamwambia, "Usifungue! Nimempata!"

20 Mei, Mikumi

Lupakisyo kaipokea picha, kanipigia sheli.

"Dada Sesilia, ni picha nzuri. Lakini hii siyo vita. Hii ni funza."

"Ndiyo iliyopo."

Akasema kwa upole wake ule: "Sikiliza. Nina picha ya mapigano, imeletwa na shirika la habari la nje, haina mwenyewe anayejulikana hapa nchini. Naiweka ukurasa wa kwanza, chini naandika Laurent Ngolo. Alistahili. Aliipiga ya kwake, wewe unajua, Tomasi anajua. Nani atauliza?"

Nitakuwa mkweli hapa: nilitaka kusema ndiyo. Nililiona jina, kubwa, jeusi, na kidole cha Mama juu yake. Evance aliyekuwa pembeni yangu ananikonyeza nikubali. Mwenye sheli naye ananikonyeza! Lakini Laurent alipiga goti nyuma ya tairi kwa ajili ya picha yake, siyo ya mtu mwingine. Nikasema hapana. "Bwana Lupakisyo, weka ya funza na jina lake, au usiweke kitu."

"Ya funza haiendi mbele, dada. Wiki hii mbele ni Kinshasa."

"Basi iweke unapotaka."

Nikakata simu, nikakaa kwenye kreti la soda.

21 Mei

Nimepiga picha za pasipoti kutwa. Wote nimewaambia wasitabasamu.

23 Mei, Kilosa

Naandika haraka, nina wino wa gazeti mpaka viwiko.

Nilikuja jana kwa Mama. Leo treni ya kwenda Kigoma imeingia asubuhi na magazeti ya Dar, nikakimbia stesheni. Wakala wa magazeti akafungua furushi. Ukurasa wa kwanza, Kinshasa, askari juu ya kifaru, "Picha na Mpigapicha Wetu." Nikafungua, nikafungua, nikafungua. Ukurasa wa tisa, katikati kabisa ya gazeti. Bibi na kijana na funza, nusu ukurasa. Na chini: "Picha na marehemu Laurent Ngolo." Jina kamili. Ukurasa wa tisa, ambao watu wakishasoma mbele na mpira hawafiki.

Nikasimama pale nalia kwa hasira. Nikasikia mtu pembeni yangu. Bi Joha, beseni kichwani.

"Imetoka?" akauliza taratibu.

Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu. Akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mwone anavyong'ata kola! Mwanaume mzima na bunduki yake!" Kisha akauliza, "Jina liko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akaligusa. "Sasa unalia nini?"

"Lilitakiwa kuwa mbele, Bi Joha. Alikufa ili liwe mbele."

Akashusha beseni, akajifuta mikono na khanga. Akaninyang'anya lile gazeti, akalifungua katikati, akaligeuza nje ndani, akalikunja upya. Bibi na funza wakawa juu. Kinshasa ikawa imekwenda huko ndani.

"Haya. Sasa liko wapi?"

Akanirudishia gazeti. Akaenda kwa wakala, akachota furushi zima. Wakala akapiga kelele, "Bi Joha, unaharibu mali ya watu!" Akamwambia, "Nyamaza wewe, nina deni na Wasukuma hawa." Akageuza la pili, la tatu, anakunja kwa goti, na mdomo umeshafunguka: "Gazeti! Gazeti! Laurent Ngolo ukurasa wa kwanza! Mtoto wa hapa hapa Kilosa! Njooni mwone vita!" Abiria wakatoa vichwa madirishani. Mmoja akauliza habari za Kinshasa ziko wapi. "Kinshasa iko ndani, utaikuta, haikimbii! Tazama hapa kwanza!" Watu wakatazama, wakaanza kucheka, wakaitana, wakanunua, wakapeana behewa hadi behewa. Wakala naye akaanza kukunja.

Bi Joha akanigeukia, jasho linamtiririka. "We mchunga ng'ombe usiye na ng'ombe, umesimama kama nguzo ya simu, kaka yako nitamuuza peke yangu? Shika! Kunja!"

Nikashika. Nikakunja. Treni ilipoanza kuondoka kwenda Kigoma tulikimbia pembeni yake tukiyarusha madirishani, mimi na yeye, tunapiga kelele jina lake.